Mabawa Yaliyokataa Kuyeyuka

Nilipotumwa kwenye zahanati ile ndogo upande wa Kiplombe, nje ya mji wa Eldoret, mashine ya upepo ilikuwa tayari imesimama nyuma ya chumba cha kujifungulia, juu ya mlingoti wa chuma. Wafadhili wa kanisa waliileta kutoka ng'ambo. Ilikuwa na mabawa matatu meupe, kila moja refu kuliko mwanamume mrefu, na pale shinani lilikuwa pana kama kifua cha mtu. Yakizunguka polepole yalitoa sauti kama ya mtu anayepepeta mahindi. Umeme wake uliingia kwenye betri za lori zilizopangwa chini ya meza, na betri zikawasha balbu mbili, moja juu ya kitanda cha kuzalia na nyingine kwenye kabati la dawa.

Balbu mbili tu. Lakini mimi nilikuwa nesi mpya, na mahali nilipotoka nilikuwa nimezoea kushona mama kwa mwanga wa kandili iliyoshikwa na mtu anayeogopa damu. Siku ya kwanza nilipobonyeza swichi nikaona sindano yangu vizuri, nilisimama pale nikacheka peke yangu.

Ilituhudumia misimu miwili ya mahindi na nusu ya wa tatu. Halafu ikaja mvua ya mawe.

Ilikuwa alasiri, siku ya kliniki ya watoto, na baraza limejaa kina mama. Upepo ulipiga kutoka upande wa juu, mawe yakaanza kugonga mabati hata hatukusikizana. Mkia wa mashine, ule unaoigeuza ili isiukabili upepo mkali, ulivunjika. Baada ya hapo hakukuwa na cha kuizuia. Mabawa yalizunguka mpaka hayakuonekana tena, mlingoti ukatetemeka, na kitu kikalia kama bunduki. Bawa moja liliruka juu ya paa letu likajichoma katikati ya shamba la sukumawiki, nusu yake ndani ya udongo. Kina mama walipiga nduru. Nilihesabu watoto mara tatu. Hakuna aliyeumia, na hilo mpaka leo nalishukuru kabla ya mengine yote.

Tuliandika barua. Jibu lilichukua miezi, na lilikuwa fupi: kiwanda kilichotengeneza mashine ile kilikuwa kimefungwa, vipuri hakuna, tufanye tutakavyo.

Kilichokuwa cha chuma kilipata kazi upesi. Mafundi wa jua kali walikuja kutoka mjini, wakaukata mlingoti, ukawa mageti na fremu za madirisha. Waya za shaba ndani ya mtambo ziligombaniwa. Hata boliti ziliokotwa moja moja kwenye nyasi. Mabawa matatu yalibaki chini, yamelala kando ya ua, mawili mazima na lile moja lililopasuka. Nilimwambia mnunuzi wa vyuma chakavu ayachukue pia.

Akainama, akagonga kwa kidole. "Hii si chuma, sista."

"Ni nini?"

"Sijui. Lakini si chuma, na si plastiki ile ya kuyeyusha. Hii sichukui."

"Hata bure?"

"Hata bure. Nitaipeleka wapi?"

Basi yakakaa. Watoto walioletwa kliniki waliteleza juu yake, wakarudi kwa mama zao wakijikuna mapaja. Nilipotazama kwa karibu niliona mahali palipopasuka pametoa nyuzi nyembamba kuliko nywele, zinazong'aa, na ukizigusa zinakuingia kwenye ngozi. Nilikuwa mtu wa kuchoma mabaki ya bandeji na kufukia kila kitu kichafu, na hapa nilikuwa na kitu kisichotaka kwenda popote.

Kisha tukapata amri. Mkubwa fulani wa chama angepita barabara yetu kwenda kufungua josho la ng'ombe, na naibu wa chifu alikuja na beji yake ya chama kwenye koti, akazunguka boma lote. Mawe ya njiani yapakwe chokaa. Picha ya Rais ifutwe vumbi. Halafu akayaona mabawa.

"Hii takataka iondoke."

"Hakuna anayeitaka, Mzee," nikasema.

"Basi choma. Hakuna kitu hakichomeki."

Bawabu wetu alikuwa mtu mzima aliyetii amri kabla hujamaliza kuitoa. Asubuhi iliyofuata, mimi nikiwa ndani napima uzito wa mtoto, alilimwagia mafuta ya taa lile bawa lililopasuka akaliwasha. Nilisikia harufu kwanza, kali, ya kukwaruza koo. Nilipotoka, moshi mweusi ulikuwa umetambaa chini ya mabati hadi barazani, na watoto wachanga wanakohoa. Niliwahamisha kina mama wote mpaka upande wa pili wa barabara, wakakaa kwenye nyasi, na kliniki ya siku hiyo ikafanyikia hapo. Mtoto mmoja wa pumu nilimshika mikononi karibu saa nzima, namhesabia pumzi.

Moto ulipozimika nilikwenda kutazama nikidhani nitakuta jivu. Bawa lilikuwa bado pale. Rangi imekwenda, ugumu umekwenda, lakini umbo limebaki, kitambaa cheupe kilichofumwa, tabaka juu ya tabaka. Bawabu alikishika, kikavunjikavunjika mikononi mwake, na kwa siku tatu nilikuwa nikimtoa miiba ya kioo viganjani kwa koleo la nyusi.

"Nisamehe, sista," alisema kila nilipomtoa mmoja.

"Hata mimi ningechoma," nikamjibu. Ilikuwa kweli.

Mkubwa yule alipita bila kusimama.

Aliyenisaidia kwanza alikuwa mama mwenye duka mkabala na zahanati. Alikuwa amehamia kutoka upande wa kati wa nchi kama wazazi wangu, na duka lake liliuza kila kitu, sabuni, mbolea, daftari. Nilipomweleza, alisema kuna fundi anakaa mtaa wa West Indies, mtu wa kutoka upande wa ziwa, anayetengeneza bodi za malori kwenye gereji mjini. "Lori la bwanangu lilipigwa mbele, yeye akaliziba na kitu cheupe kama hicho. Mwulize."

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta nyumbani, mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya kwenye sikio moja, anasoma gazeti la juzi. Nilimwonyesha kipande nilichokuwa nimekifunga kwenye karatasi. Hakukishika mara moja. Aliinuka akaleta kitambaa, akakishikia.

"Hii ni faiba," akasema. "Kitambaa cha kioo na gundi. Wanaweka kitambaa, wanapaka gundi, wanaweka kingine, wanapaka. Umechoma?"

"Imechomwa."

Akatikisa kichwa, lakini hakunigombeza. "Gundi imeungua, kioo imebaki. Watu walivuta moshi?"

Nikamwambia kuhusu mtoto wa pumu. Akauliza anaendeleaje, na nilipomjibu kwamba yuko salama ndipo akaketi.

"Mzee, nataka kujua kitu kimoja," nikasema. "Vyuma vyote vya mashine ile vimegeuka vitu vingine. Haya mabawa hayawezi kuyeyushwa yakatengenezwa upya?"

"Hapana."

"Hata na kiwanda kikubwa?"

"Ya viwanda vya ng'ambo sijui, siwezi kukudanganya. Lakini mimi nimeshika hii kitu miaka mingi. Chuma ukiyeyusha inarudi chuma. Hii gundi ikishashika imeshika, hairudi kuwa maji. Mtu akikwambia atairudisha mpya, mwulize ataanzia wapi."

Nilihisi nimechoka. "Basi ni takataka tu."

"Mimi nimesema haiyeyuki," akasema. "Sijasema haina kazi. Mawili yamebaki mazima?"

"Mawili."

"Ndani ni wazi? Ukigonga inalia kama debe?"

"Inalia."

Alilikunja gazeti lake taratibu. "Sasa sahau bawa. Niambie huko kwako unakosa nini."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo tangu nianze kazi. Watu waliniambia watakachotuletea, na mimi nikasema asante. Nilianza kutaja, blanketi, mizani, nyembe, na katikati ya orodha nikasimama kwa sababu nilikumbuka mama wa juma lile. Alikuwa ameletwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba, na wanaume wanne wakizama matopeni hadi magotini, na mlango wenyewe ulikuwa mzito kuliko yeye.

"Machela," nikasema. "Tuliyokuwa nayo turubai lake limeoza. Mvua ikinyesha gari halifiki, tunabeba watu mpaka lami."

"Machela," akarudia, kana kwamba anaonja neno. "Nitafutie miti miwili mirefu. Nyepesi. Mti mzito kama blugamu usiniletee."

Miti ile aliileta baba yangu. Alifanya kazi ya msitu Timboroa maisha yake yote, na huko juu, kwenye baridi, mianzi inamea minene. Nilimtumia ujumbe na mtu wa treni, na baada ya wiki mbili alishuka stesheni ya Eldoret na mianzi miwili begani, imekaushwa vizuri, na mfuko wa viazi. Alitembea nayo kupita katikati ya mji watu wakimpisha. Hakuuliza ni ya nini mpaka alipoiweka chini barazani kwangu.

"Ni ya kubebea wagonjwa, baba."

"Basi ningeleta minne," akasema. "Watu hamkosi kuugua."

Fundi alikuja Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku yake ya kusali. Wengine wote walikuwa kanisani. Alitufanya tusimame upande ule upepo unakotoka, akajifunga kitambaa puani na kunifunga na mimi. Bawabu alipewa kazi ya kumimina maji juu ya msumeno wakati wote, ili vumbi lisiruke. Lilitoka kama uji mweupe. Alifuata mshono wa bawa pembeni, upande mmoja kisha wa pili, kazi ya saa nyingi, na jua lilipofika utosini bawa lilifunguka likawa nusu mbili, kila moja kama ganda refu la njegere. Ndani lilikuwa laini na la rangi ya asali. Sikutarajia liwe zuri.

Alizilaza nusu hizo bega kwa bega, akakata ncha nyembamba, akaziunga kwa boliti juu ya mianzi. Kingo zote alizipaka gundi yake ya gereji, kisha akazivika mpira wa tyubu za baiskeli ili zisimchome mtu. Alirudi Jumapili tatu. Nilipotaka kumpa chai alikunywa, nilipotaka kumpa kitu zaidi alijifanya hasikii.

Lililonishangaza ni jinsi alivyoshughulikia mabaki. Kila kipande alikiokota, na ule uji mweupe akaukwangua pamoja na udongo wake. Alimchimbisha bawabu shimo refu mbali na kisima, akatia na kile kitambaa cha bawa lililochomwa.

"Hii usiache kuku wachokore," akaniambia. "Na hiyo machela, sista, ujue itapasuka siku moja. Nitaziba. Itapasuka tena. Siku itakayokataa kuzibika, unaizika hapa hapa. Usimpe mtu achome."

Niliahidi. Bawa la pili nalo alilipasua: nusu moja ikawa mfereji wa maji ya mvua chini ya paa la zahanati, na nyingine ikawa hori la ng'ombe wa mama mwenye duka. Ng'ombe yule alikataa kula chakula humo siku mbili, kisha njaa ikamshauri.

Machela ilikuwa nyepesi hata wanawake wawili waliweza kuinyanyua. Turubai lilikuwa likinywa damu na kunuka. Hii niliimwagia maji na sabuni ikawa safi. Ilibeba mzee aliyevunjika mguu akikata mti, msichana wa shule mwenye homa ya uti wa mgongo, na kina mama sikumbuki wangapi. Bawabu aliipaka msalaba mwekundu bila kuambiwa.

Mwaka uliofuata ikanibeba mimi.

Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mume wangu, mwalimu, alikuwa amekwenda kusimamia mitihani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na barabara ilikuwa supu. Nilikuwa nimesimama kwenye kabati nikigawa vidonge vya malaria niliposikia maji moto miguuni, nikatazama, ilikuwa damu. Maumivu hakuna. Kama ningekuwa mama wa kawaida ningefarijika kwamba hapaumi. Lakini nilikuwa mkunga, na nilijua damu bila maumivu katika mwezi ule maana yake kondo la nyuma limekaa chini, mlangoni, na mtoto hana pa kutokea ila kwa kisu.

Nililala sakafuni, nikaita bawabu. "Lete machela. Na mtume mtu kwa baiskeli mpaka lami, asimamishe gari lolote."

Hakuwa na watu wa kubeba ila wale waliokuja kutibiwa. Mama mwenye duka aliacha duka wazi. Wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni waliwaachia wenzao watoto wao. Walinilaza kwenye lile ganda, na mgongo wangu ukatulia ndani yake kama ulipimiwa.

"Miguu juu," nikawaambia. "Upande wa miguu ubebwe juu kuliko kichwa. Msinigeuze."

"Nyamaza, sista," mama mwenye duka akasema. "Leo wewe ni mgonjwa."

Lakini sikunyamaza. Niliendelea kuwaelekeza nusu ya njia, kwa sababu nikinyamaza ningefikiria. Walitembea wakizama na kujinyofoa, wakipokezana. Mara mbili mmoja aliteleza na machela haikugusa chini, kwa kuwa wengine waliweza kuushika uzito. Mvua ilinipiga usoni. Mama mmoja ambaye sikuwa najua hata anaitwaje alivua shuka yake akanifunika, akaendelea na blauzi imelowa. Kuna mahali palipo na kijito, na hapo nilisikia wakibishana, kisha wakaninyanyua mpaka juu ya mabega na kuvuka. Nilikuwa naangalia mawingu yakipita karibu nami, na mtoto akanipiga teke. Nikalia basi, kwa mara ya kwanza, kwa sababu yuko hai.

Kwenye lami kulikuwa na pikap ya kubeba maziwa imesimama. Dereva alikuwa ameshateremsha makopo yake kando ya barabara. Walinisukuma nyuma na machela yangu, mama mwenye duka akapanda akashika miguu yangu juu njia nzima hadi hospitalini. Waliponipeleka chumba cha upasuaji daktari aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, akauliza, "Kwa barabara gani?" Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Binti yangu alizaliwa mdogo, mwenye hasira, na mapafu mazuri. Mimi niliongezwa chupa mbili za damu za watu nisiowajua.

Nilipopata nguvu nilikwenda West Indies na mtoto mgongoni kumweleza fundi. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoa miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Boliti hazikulegea?" akauliza.

"Sijui, Mzee. Nilikuwa nimelala juu yake."

"Nitakuja Jumapili nione."

Akaja. Alikuta mpasuko mdogo kwenye boliti ya upande wa kichwa, akauziba, akaonya kwamba mwingine utakuja. Ulikuja, akauziba huo pia.

Siku hizi mabawa ya upepo ni marefu kuliko nyumba, na nasikia wataalamu wakibishana redioni kama kweli yanaweza kufanywa upya. Mimi si mtaalamu. Ninachojua ni kile nilichoambiwa na mtu ambaye hakutaka kunidanganya, kwamba hayarudi yalivyokuwa, na kwamba kabla ya kuyafukia mtu aulize kwanza jirani anakosa nini.

Nilihamishwa kupelekwa zahanati nyingine kabla nchi haijaruhusu vyama vingi. Mwaka huohuo fundi aliacha kazi ya gereji, akarudi kwao upande wa ziwa. Nilikwenda kumuaga stendi ya basi pamoja na baba yangu, aliyeshuka kutoka Timboroa kwa ajili hiyo tu, ingawa watu hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Walisalimiana kwa mikono miwili. Baba alimwuliza habari za mvua za kwao, naye akamwuliza msitu unaendeleaje, wakazungumza kama watu waliokua pamoja mpaka konda akaanza kupiga bati la basi. Binti yangu alikuwa ameanza kutembea. Nilimwambia amwamkie babu, na fundi akachuchumaa pale kwenye vumbi na miwani yake ya waya, akampokea mkono.

"Ana uzito gani sasa?" akaniuliza.

Nikamtajia. Akatabasamu, akapanda basi.